Mwongozo kamili wa kuandaa residensi ya wasanii mtaani kwako, toka kutafuta chumba mpaka siku ya maonyesho

Hii ni kwa yeyote anayetaka kuandaa residensi ya wasanii mtaani kwake, yaani programu ya kuwapa wachoraji, wachongaji, wafinyanzi na watu wengine wa sanaa za ufundi sehemu ya kufanyia kazi kwa wiki kadhaa huku wanalipwa, alafu mwisho kazi zao zinaonyeshwa hapo hapo mtaani. Mifano yangu mingi ni ya Dar kwa sababu ndo niliko, ila mtu wa Mombasa, Kampala au Lubumbashi atabadilisha majina ya ofisi tu, mengine yote yanafanana.

Kabla ya hatua yoyote kuna jambo moja la kushika. Msanii wa mtaani kwetu hakosi kipaji, anakosa muda. Asubuhi anaandika bango la saluni, mchana anapaka rangi nyumba ya mtu, jioni ndo anagusa kazi yake mwenyewe tena kwa taa ya simu, akiwa amechoka. Residensi kazi yake ni kumnunulia huo muda. Kwa hiyo kila uamuzi utakaofanya huko mbele, wa hela, wa ratiba, wa wageni, jiulize unamwongezea muda au unamkatia, maana nimeona programu zinampa msanii chumba kizuri alafu zinamjazia semina, watoto wa shule, kamera na kikao kila siku, mwisho wa mwezi anatoka na picha moja ambayo haijaisha.

Na hii kazi ina mizizi kwetu, usikubali mtu akwambie ni mambo ya kuiga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968 pale Oysterbay alikuwa anatumia vipande vya hadibodi vya kama sm 60 kwa 60 na rangi za kupakia baiskeli, na vijana wake walijifunza kwa kukaa pembeni yake wakiangalia mkono wake unavyokwenda, ndo maana alipofariki 1972 uchoraji ule haukufa naye. Mwaka huo huo wa 1972 ikaanza Nyumba ya Sanaa hapa Dar. Nairobi wakaanzisha Kuona Trust 1995 kwenye eneo la makumbusho, hapa Dar Nafasi Art Space ikaja 2008 na studio zake za makontena pale Mikocheni, Kampala wakawa na 32° East kuanzia 2011. Ukiangalia wote hao, cha kwanza kilikuwa sehemu ya watu kukaa na kufanya kazi karibu karibu.

HATUA YA 1: Anza na mtaa, sio na mfadhili

Watu wengi wanaanza kuandika andiko la kuomba hela. Mi nakushauri uanze kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe wako, uwaeleze kwa mdomo unataka kufanya nini, wasanii wangapi, wapi, kwa muda gani, alafu ndo upeleke barua. Barua iwe ya ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida. Kutoka hapo nenda kwa mtendaji wa kata, alafu kwa afisa utamaduni wa manispaa au halmashauri, huyu watu wengi wanamsahau wakati ndo mwenye orodha ya vikundi vya sanaa vya eneo lako na anajua taratibu. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ndo inasajili wasanii na kusimamia shughuli za sanaa, kwa hiyo ulizia mapema kwa afisa utamaduni kibali gani kinahitajika kwa maonyesho yako, usisubiri wiki ya mwisho, hasa kama siku ya ufunguzi kutakuwa na mziki na watu wengi.

Faida ya kuanza na mtaa utaiona baadaye. Chumba mara nyingi kinapatikana kupitia hawa hawa watu, ulinzi ni wao, na siku msanii mgeni kwenye ule mtaa akionekana anachora ukutani saa kumi na mbili asubuhi, kuna mtu atakayesema huyo namjua, yuko na programu.

HATUA YA 2: Sehemu ya kufanyia kazi

Huhitaji jengo la sanaa. Ofisi ya mtaa isiyotumika, darasa wakati wa likizo, stoo, karakana ya seremala iliyofungwa, banda la nyuma la nyumba ya mtu, vyote vinafaa kama vina mambo haya: mwanga wa jua usioingia moja kwa moja, hewa, maji karibu, choo, umeme wa LUKU na mlango unaofungwa kwa kufuli. Mlango ni wa muhimu sana jamani. Msanii akiwa na wasiwasi na vitu vyake atavibeba kila jioni kwenye daladala na hapo ushamkatia saa mbili za kazi.

Kama ni kontena, weka madirisha pande mbili zinazotazamana na kivuli juu, makuti au bati lililoinuliwa liache nafasi ya upepo kupita. Saa nane mchana kwenye kontena lisilo na dirisha rangi ya akriliki inakauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye kitambaa. Pia angalia ukuta unaotaka kuegemezea kazi, ukiushika ukahisi unyevu usiegemeze chochote hapo, Dar hii ukungu unaingia nyuma ya picha taratibu na ukija kuuona doa limeshatokea mbele. Inua kazi zote kutoka sakafuni kwa vipande vya mbao, kwa ajili ya maji na kwa ajili ya mchwa.

Kuhusu majira, epuka masika, Machi mpaka Mei, kama sehemu yako iko wazi wazi au barabara yake inajaa maji. Mi napenda Juni mpaka Septemba, kusi inavuma, hewa ina ubaridi kidogo, rangi ya mafuta inakauka vizuri na watu wanaweza kutembea kuja kuangalia. Angalia na Ramadhani inaangukia wapi mwaka huo, siyo lazima uikwepe, ila saa za kazi na chakula zipange upya na wasanii wenyewe.

HATUA YA 3: Hesabu

Hapa ndo penye utu wa programu yako. Posho ya msanii iwekwe kwanza kwenye bajeti, kabla ya mabango, fulana, na vitafunwa vya uzinduzi. Ukikosa hela punguza idadi ya wasanii, usipunguze posho.

Namna ya kupata kiwango ni kumuuliza msanii mwenyewe akiwa kwenye mishe zake za kawaida anaingiza shilingi ngapi kwa siku, maana hiyo ndo hela anayoiacha akija kwako. Tuseme ni 15,000. Siku tano kwa wiki ni 75,000, wiki sita ni 450,000, wasanii watatu ni 1,350,000. Malighafi weka 150,000 kwa kila mmoja, jumla 450,000. Chakula cha mchana cha mama ntilie 3,000 kwa siku, watu watatu, siku thelathini, ni 270,000. Maonyesho, yaani misumari, waya, taa, viti vya kukodi, maji ya kunywa, 300,000. Picha na uchapishaji wa kadi na wasifu 100,000. Hapo umefika 2,470,000, ongeza asilimia 10 ya dharura, 247,000, jumla kuu 2,717,000. Hii ni mfano wa kupangia tu, weka bei za kwako, ila angalia uwiano: nusu ya hela yote inaenda mkononi mwa wasanii. Nikiona bajeti ya residensi ambayo uchapishaji umezidi posho naanza kuwa na mashaka.

Hela itoke wapi? Wafanyabiashara wa mtaa wanaweza kutoa vitu kuliko fedha, duka la hadiwea litoe rangi na misumari, mama ntilie apunguze bei kwa sababu ana oda ya uhakika ya wiki sita, seremala atoe mabaki ya mbao za fremu. Balozi na vituo vya utamaduni vya nje navyo huwa vinafadhili sanaa, andiko fupi lenye bajeti safi linasomwa. Mikopo iko, kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, kuna na ile asilimia 10 ya halmashauri kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini mkopo mimi nisingeutumia kuendesha residensi. Mkopo unataka marejesho kila mwezi na residensi haizai hela kwa mwezi. Msanii akishatoka kwenye programu, ana kazi zinazouzika na anataka kununua vifaa, hapo ndo aufikirie.

HATUA YA 4: Kutafuta na kuchagua wasanii

Tangazo la mtandaoni peke yake litakuletea walewale wanaojua kujaza fomu. Weka tangazo kwenye makundi ya WhatsApp sawa, ila tembea pia. Nenda kwa waandika mabango, wachora mabodi ya bajaji na daladala, wachora piko, akina mama wanaosuka mikeka ya ukili wa rangi, wafinyanzi, wachongaji wa Mwenge, fundi anayechomelea mageti yenye maua. Maasai Mbili ya Kibera, kikundi ambacho watu wa sanaa Nairobi wanakiheshimu sana, ilianza 2001 na vijana wawili waliokuwa wanaandika mabango. Mwandika bango anajua rangi, anajua ukuta, anajua kumaliza kazi kwa wakati, alichokosa ni wiki chache za kuchora bila mteja kumsimamia.

Maombi yawe mepesi: jina, mtaa anaoishi, picha tano za kazi zilizopigwa kwa simu, na sauti ya dakika mbili ya WhatsApp akieleza angefanya nini akipewa wiki sita. Basi. Usiombe andiko, usiombe cheti, usiombe barua pepe kama sio lazima.

Kamati iwe ya watu watano hivi na lazima mmoja wao awe msanii anayeishi kwa sanaa yake, mwingine awe mkazi wa mtaa asiye mtu wa sanaa kabisa. Baada ya kuchuja wabaki kama wanane, watembeleeni wanapofanyia kazi. Hapo ndo ukweli unaonekana. Angalia kazi ambazo hazijaisha zilizoegemezwa nyuma ya mlango, daftari la michoro, vipande alivyojaribu akaacha, kwa sababu picha nzuri moja kwenye simu inaweza kuwa bahati au hata ya mtu mwingine, ila rundo la majaribio haliigizwi. Uliza angeacha nini nyumbani kwa wiki sita na nani angekishika. Kwa mama mwenye mtoto mdogo jibu la hilo swali ndo linaamua kila kitu, kwa hiyo jiandae kumwambia aje na mtoto, au afanye saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri, na posho yake ibaki ile ile.

Waliokosa wapigie simu. Wote. Waambie sababu kwa heshima, mtaa ni mdogo na mwakani utawahitaji.

HATUA YA 5: Mkataba wa ukurasa mmoja

Uandike kwa Kiswahili, uusome kwa sauti mbele yake, kila mmoja abaki na nakala yenye sahihi. Mambo ya kuweka ni tarehe ya kuanza na kumaliza, posho na siku ya kulipwa (kila Ijumaa, sio mwisho wa programu), malighafi za kiasi gani, siku ngapi kwa wiki anakuwepo, asilimia ya mauzo, kazi zinabaki za nani, na nini kinatokea mmoja wenu akishindwa kuendelea.

Kwenye kazi zinabaki za nani usilete longolongo, ni za msanii. Kama programu inataka kubaki na kazi moja ya kumbukumbu iandikwe toka mwanzo na msanii achague ipi. Hakimiliki ni yake hata picha ikishauzwa, mnunuzi amenunua ile picha ya ukutani, hajanunua ruhusa ya kuichapa kwenye fulana na kalenda, na hili wasanii wengi hawajaambiwa na mtu yeyote. Kwa hapa Tanzania hilo liko kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na ofisi yake ni COSOTA, siku moja ya programu mualike mtu wa huko aje aeleze kwa saa moja. Wewe kama mwandaaji omba kwenye mkataba ruhusa ya kutumia picha za kazi kutangaza programu tu, nje ya hapo uombe upya.

HATUA YA 6: Malighafi

Nunua baada ya kuongea na kila msanii, sio kabla. Anayechora kwa rangi ya enameli hana shida na akriliki zako za bei, na mchongaji anataka patasi na jiwe la kunolea.

Kwa wachoraji, kitambaa kilichokwishapakwa cha dukani kinamaliza hela haraka, kwa hiyo siku mbili za kwanza watengeneze vya kwao kwa pamoja, na hii pia inawafanya wazoeane bila hotuba. Chukua mamerikani mazito au dreli ya pamba, mbao za paini zilizonyooka kwa fremu, na stepla ya mbao. Pini ya kwanza piga katikati ya upande mmoja, ya pili katikati ya upande unaotazamana nao huku unavuta, alafu pande mbili zilizobaki hivyo hivyo, ndo unasogea kuelekea kwenye kona kidogo kidogo ukibadilisha upande kila mara. Ukianza na kona kitambaa kinakunjamana katikati na hakinyooki tena. Ukingo wa mbao unaogusa kitambaa kwa mbele uukwangue kwanza uwe wa mviringo kidogo, la sivyo baada ya miezi utatokea mstari kwenye picha.

Kupaka chini tumia rangi nyeupe ya maji ya ukutani ile nzuri, changanya na gundi nyeupe ya mbao kidogo na maji kidogo, iwe kama uji mwepesi. Koti la kwanza piga kwenda, likauke kabisa, pitisha msasa laini namba 220 kwa mkono mwepesi, koti la pili piga kukatisha, msasa tena, la tatu. Ukigonga kwa kidole kitambaa kinalia. Jeso ya dukani, yaani rangi maalum ya kupaka chini kabla ya kuchora, ni bora zaidi kama hela ipo, na kwa kazi kubwa itakayouzwa bei mbaya ningesema inunuliwe, ila kwa majaribio ya wiki za mwanzo hii inatosha. Rangi ya mafuta wanaochorea waipake wakiwa karibu na dirisha na matambara yenye mafuta ya rangi yasirundikwe kwenye kona, yanaweza kushika moto yenyewe, yatandazwe nje yakauke.

HATUA YA 7: Wiki zenyewe

Wiki ya kwanza ni ya kukaa, kutengeneza vitambaa, kutembea mtaani, kuchora chora. Usiulize mtu anafanya nini. Wiki ya pili mpaka ya tano ni kazi. Ya sita ni kumaliza, kupiga picha na kutundika.

Mtaa uingie kwa mpango: Jumamosi moja moja, saa nne asubuhi mpaka saa saba, mlango wazi, watu waje waone, watoto wapewe karatasi na mkaa wa kuchorea, wazee waulize maswali. Siku nyingine zote mlango unarudishwa na kibao kinasema wasanii wako kazini karibuni Jumamosi. Watakuja watu wa kila aina katikati ya wiki, mgeni rasmi, mwandishi, mtu wa shirika fulani, wewe ndo wa kuwaambia Jumamosi. Hiyo ndo kazi kubwa ya mratibu kuliko zote. Kama unamtaka msanii afundishe watoto zaidi ya hapo, hiyo ni kazi nyingine na ina malipo yake, iandike pembeni.

Mara moja kwa wiki, Alhamisi jioni hivi, wasanii wakae wenyewe na chai waangaliane kazi. Kanuni yetu ni kwamba mwenye kazi anakaa kimya kwanza, wenzake wanasema wanachokiona, rangi gani, jicho linaanzia wapi na linakwamia wapi, kabla ya mtu yeyote kusema nzuri au mbaya. Inawaumiza mwanzoni kisha wanaizoea na wanaanza kuidai wenyewe. Mwalike msanii mkongwe wa eneo lenu aje angalau mara moja, mlipe nauli na posho, na mpe shikamoo yake na kiti, wengi wa wazee hawa wamechora kwa miaka na hakuna anayewaita.

HATUA YA 8: Wasifu wa msanii na picha za kazi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu programu nyingi zinaharibu hapa. Wiki sita zitaisha, maonyesho yatafungwa, kitakachobaki mikononi mwa msanii ni picha nzuri za kazi zake na maneno yaliyonyooka kumhusu yeye, hivyo ndo vitampeleka kwenye galari, kwenye maombi ya residensi nyingine, kwa mnunuzi wa mbali.

Wasifu usimwambie aandike. Wengi wanaongea vizuri ila ukiwapa karatasi wanaanza kuandika kama wanaomba kazi serikalini. Kaa naye mbele ya kazi yake, washa rekoda ya simu, umuulize vitu vya mkono: hii ulianza na nini kwanza, rangi hii umeipataje, wapi ulikwama, nani alikuwa wa kwanza kukuonyesha, kuna kitu ulifuta? Mwandika mabango atakueleza anavyopiga uzi wa chaki ukutani kupata mistari miwili, anahesabu herufi, anaanza na ya katikati ili neno lisiishiwe nafasi mwishoni, na humo humo ndo utakuta kwa nini picha zake zinakaa sawa hivyo. Andika kutoka kwenye sauti yake, maneno kama 120, alafu msomee. Akisema hapo sikusema hivyo, futa.

Nikupe mfano wa kubuni uone tofauti. Kuna wasifu wa aina hii: "Ni msanii mahiri anayechunguza utambulisho katika ulimwengu wa leo." Haumwambii msomaji kitu. Sasa linganisha na huu: "Ameandika mabango ya saluni na maduka ya dawa Temeke kwa miaka kumi na mbili. Kwenye residensi hii ametumia herufi zile zile za enameli kuchora majina ya vichochoro ambavyo watoto wake hawavijui." Wa pili unamuona mtu na unaiona kazi.

Na tafadhali usimwanzishe mtu kwa umaskini wake. Usiandike "anatoka kwenye maisha magumu" kwenye sentensi ya kwanza, wala usipige picha ya miguu yake pekupeku. Kikundi cha wasanii kinachoitwa Wajukuu, cha Mukuru kule Nairobi, walienda kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta, Kassel, Ujerumani mwaka 2022, wakajenga kwa mabati kama ya mtaani kwao njia ya kuingilia kwenye ukumbi, na watu walikuwa wanapita ndani yake. Mtaa wao ulikuwepo ndani ya kazi, na waliitwa wasanii.

Picha za kazi sasa. Simu inatosha. Toa kazi nje kivulini saa tatu au saa nne asubuhi, sio juani, sio chini ya mwembe maana kijani cha majani kinaingia kwenye rangi. Ifute lenzi kwa kitambaa safi. Simama mbali kidogo uvute kwa zumu ndogo kuliko kusogea karibu, simu iwe usawa wa katikati ya picha, pembe nne za kazi zinyooke na pembe za skrini. Flashi zima. Kama uso unang'aa, inamisha kazi kidogo mbele mpaka mng'ao uondoke. Piga nzima, piga ukingo, piga sehemu moja kwa karibu ambapo brashi inaonekana, na piga nyuma palipo na sahihi. Kinyago au chungu kiweke mbele ya shuka la kijivu lisilo na mikunjo, piga pande tatu. Usitie filta yoyote, mnunuzi akiona nyekundu kwenye simu akapokea rangi ya udongo anarudisha. Hifadhi mafaili kwa jina la msanii, jina la kazi na mwaka, sio IMG na manamba.

Watoto waliokuja Jumamosi usiwapige picha za kutangaza bila mzazi kukubali.

HATUA YA 9: Bei na maonyesho

Bei ipangwe kabla ya kutundika, msanii na mratibu mkiwa wawili tu. Njia rahisi: siku alizotumia mara posho ya siku, jumlisha malighafi, alafu zidisha mara mbili. Kazi ya siku nne ni 60,000, malighafi 25,000, inakuwa 85,000, mara mbili 170,000. Programu ikichukua asilimia 15 hiyo ni 25,500, msanii anabaki na 144,500. Galari za biashara nyingi huchukua mpaka nusu, nyie wa mtaani mkizidi 20 mnahitaji sababu ya maana sana. Bei ikishawekwa ni hiyo hiyo kwa jirani na kwa mgeni wa kutoka Ulaya, na haipungui siku ya mwisho, kwa sababu aliyenunua mapema atajiona kaibiwa. Kwa majirani tengeneza vitu vidogo, chapa za linokati (mchoro unaochongwa kwenye linoleamu alafu unachapwa kwenye karatasi), kadi, michoro ya mkaa ya elfu tano elfu kumi, ili mtu wa mtaani naye aondoke na kitu kwake.

Kutundika: katikati ya kila kazi iwe kama sm 145 hadi 150 kutoka sakafuni, kubwa na ndogo zote zifuate mstari huo wa katikati. Acha nafasi, kazi kumi zinazopumua zinaonekana kuliko ishirini na tano zilizobanana. Nyuma ya kila fremu bandika vipande viwili vya kizibo au mpira kwenye kona za chini ili hewa ipite kati ya picha na ukuta. Kadi ya kazi iwe na jina la msanii, jina la kazi na mwaka, malighafi, ukubwa kwa kuanza na kimo kisha upana, na bei. Kiswahili kiwe juu, kwa herufi ambazo bibi anasoma bila kuinama.

Ufunguzi ufanyike jioni saa kumi, wageni wa kwanza wawe wakazi, mwenyekiti aseme dakika tatu, alafu kila msanii asimame kwenye kazi zake aongee na watu. Risiti ya kila mauzo iandikwe nakala mbili, na msanii alipwe ndani ya wiki moja.

HATUA YA 10: Baada ya kufunga

Kila msanii aondoke na flashi yenye picha zake zote, wasifu wake, orodha ya kazi na bei, majina na namba za walionunua kazi zake kama wamekubali, na barua ya programu inayothibitisha alikuwepo. Brashi na vifaa vilivyobaki ni vyake. Kama chumba bado mnacho, wape asubuhi mbili kwa wiki waendelee kukitumia bila malipo mpaka awamu nyingine ianze, maana ile kazi iliyoanza kuwaka wiki ya tano ikizimwa ghafla inachukua muda sana kuiwasha tena.

Miezi mitatu baadaye wapigie, uliza umechora nini, umeuza nini, kitu gani kwenye programu kilikukatia muda, na kijibu hicho kwenye ratiba ya awamu inayofuata. Hesabu za mapato na matumizi zibandike kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, na kile kiti cha msanii kwenye kamati ya kuchagua mpe mmoja wa hawa waliomaliza, umlipe posho ya siku kama wajumbe wengine.